Maswali ya Wasomaji: Mnyororo, Pedali, Dainamo na Fremu ya Mianzi

Barua za toleo hili zimetoka pande mbalimbali, lakini waandishi wake wote wameshika kifaa mkononi na wanataka kujua kinavyofanya kazi kabla ya kukipeleka kwa fundi au kununua kingine. Ninayapenda sana maswali ya namna hiyo, kwa kuwa baiskeli ni miongoni mwa mashine chache zilizobaki ambazo karibu kila sehemu yake inaonekana kwa macho, na mtu asiyesomea ufundi anaweza kuielewa yote akijipa muda.

SWALI: Nilibadilisha mnyororo wa baiskeli yangu ya gia baada ya ule wa zamani kuchakaa. Huu mpya unaruka kila ninapokanyaga kwa nguvu kwenye kilima, ilhali ule wa zamani haukuwahi kuruka. Muuzaji anasisitiza kwamba mnyororo ni mzima. Je, nimeuziwa kitu kibovu? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Inaelekea muuzaji wako anasema kweli, na kilichochakaa ni meno ya gia za nyuma. Watu husema mnyororo “umevutika”, lakini chuma chake hakivutiki. Ndani ya kila kiungo mna pini inayozunguka ndani ya bomba dogo, na juu ya bomba hilo mna rola inayokaa kati ya meno. Mnyororo unapojikunja kuzunguka gia, pini na bomba husuguana, na vumbi likishaingia humo huwa kama tupa: chuma huliwa kidogo kidogo, nafasi kati yake huongezeka, na mnyororo mzima hurefuka. Meno nayo huliwa yakifuata urefu huo. Ndiyo maana vitu viwili vilivyozeeka pamoja huendelea kuelewana, na ugomvi huanza pale mnyororo mpya wenye vipimo sahihi unapokutana na meno yaliyokwisha kuharibika.

Mnyororo wa namna hii, wenye pini, bomba na rola, ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880. Wilbur na Orville Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli huko Dayton, Ohio, waliutumia mnyororo wa aina hiyohiyo kuzungushia mapangaboi mawili ya ndege yao ya mwaka 1903. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ndicho kinachotuwezesha kuupima uchakavu bila kununua chombo chochote. Chukua futi ya seremala yenye inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha utazame inchi ya 12. Katika mnyororo mpya utakuta hapo katikati ya pini nyingine, sawasawa kabisa. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo, kwa maana meno bado yanaweza kuokolewa. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, ujue kwamba meno nayo yamekwenda.

Kwako wewe, kwa hiyo, dawa ni kubadilisha gia za nyuma, hasa zile ndogo unazozitumia zaidi. Gia ya mbele huenda ikawa bado nzima, kwa sababu ina meno mengi yanayogawana mzigo. Baada ya hapo, nakusihi usiupake mnyororo oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Najua hupatikana bure na inang’arisha, lakini imebeba chembe za chuma, na vumbi la barabara zetu hunatana nayo likawa tope linalokula pini. Mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kila rola, kisha kuupangusa mnyororo kwa kitambaa hadi nje pabaki pakavu, yanatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa masika huoshwa na mvua upesi, kwa hiyo uyarudie kila baada ya kunyeshewa.

SWALI: Pedali yangu ya kushoto ililegea, nikaomba nikaziwe. Aliyeikaza aliizungusha kwa nguvu kuelekea kulia kama nati ya kawaida, na sasa inayumba zaidi. Tatizo ni nini? – *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume, kwa hiyo kuizungusha kulia ni kuifungua. Kanuni rahisi kukumbuka ni kwamba spana ikiwa imeelekea juu, pedali zote mbili hukazwa kwa kuisukuma kuelekea mbele ya baiskeli. Mara nyingi utaona pia herufi L na R zimegongwa kwenye ncha za ekseli zake. Sababu ya uzi huo wa kinyume ni kwamba kranki (mkono wa chuma unaoshika pedali) inapozunguka, mahali ambapo ekseli inabanwa na uzito wa mguu huhama na kuzunguka ndani ya tundu, na mwendo huo huifanya ekseli ijizungushe polepole kwa upande wa pili. Shika penseli kwa kulegeza ndani ya ngumi, uizungushe ncha yake kwa duara, nawe utaiona penseli ikijigeuza kinyume. Uzi wa kushoto umegeuzwa ili mwendo huo uikaze pedali badala ya kuifungua. Ikiwa uzi wa tundu umeshaliwa, usiendelee kuikaza wala kuipanda baiskeli hiyo. Badilisha mkono wa kranki wa upande huo.

SWALI: Kila siku naendesha baiskeli mwendo wa saa nzima kwenda shambani na saa nzima kurudi. Nina dainamo inayosuguana na tairi, imeandikwa 6V 3W, nami nataka inichajie simu. Rafiki yangu anasema nikate waya wa chaja niunganishe moja kwa moja. Je, inafaa? Tena, kwa nini balbu ya nyuma ikiungua, ya mbele nayo huungua muda si mrefu? – *Msomaji, Tabora*

JIBU: Usiunganishe moja kwa moja. Maswali yako mawili yana jibu moja, nami nitaanza na la pili kwa sababu ndilo linalolifungua la kwanza.

Ukisoma 6V 3W unaweza kudhani kwamba dainamo hutoa volti 6 wakati wote, lakini sivyo. Imeundwa kwa namna ambayo ukishashika mwendo wa kawaida, mkondo wake hukaa karibu na nusu ampea hata ukiongeza kasi, na volti hupanda au kushuka kulingana na kile kilichounganishwa. Balbu ya mbele ya wati 2.4 na ya nyuma ya wati 0.6 zimechaguliwa ili kwa pamoja zimalize nusu ampea hiyo. Ya nyuma ikikatika, mkondo wote huelekea mbele, balbu ya mbele hupokea zaidi ya inavyostahimili, na mteremko mmoja mrefu unatosha kuimaliza. Kwa hiyo balbu ya nyuma ibadilishwe mara tu inapokatika, hata kama ni mchana.

Sasa fikiria simu ikiwa mahali pa balbu. Simu ikijaa au ikikataa kuchaji, dainamo inabaki bila mzigo, na ukiwa kwenye mteremko volti zake zinaweza kupanda hadi makumi. Juu ya hayo, umeme huo ni mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo kila mara, nayo simu inataka mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo, wa volti 5. Kati ya dainamo na simu panahitajika hatua tatu. Kwanza ni diodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) nne zilizopangwa kuwa daraja, zinazougeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Chagua za aina ya Schottky, kwa sababu mkondo hupita katika diodi mbili kwa wakati mmoja, na diodi za kawaida zingekula karibu volti 1.4 katika umeme ambao tayari ni mchache. Pili ni kapasita kubwa ya kutuliza mawimbi. Tatu ni saketi ndogo ya kushusha volti hadi 5, inayostahimili volti nyingi upande wa kuingilia, ikiwa na diodi ya Zener yenye nguvu mbele yake ili kuzuia volti zisipite kiwango ambacho saketi hiyo inastahimili. Vitu hivi vyote vinaweza kuchomolewa kwenye redio na chaja mbovu au kununuliwa kwa mafundi wa elektroniki, navyo huingia ndani ya kikopo kidogo cha plastiki.

Liko jambo moja ambalo huwasumbua wengi, nalo ni fremu. Dainamo za aina yako huwa na waya mmoja tu, na njia ya kurudia umeme ni chuma cha fremu yenyewe. Ndiyo maana kishikizo chake kina skrubu yenye ncha kali ya kutoboa rangi. Maana yake ni kwamba fremu tayari ni upande mmoja wa mkondo geu. Ukiacha waya hasi unaotoka kwenye daraja la diodi uguse fremu, utakuwa umeufungulia umeme njia ya kuikwepa diodi moja, na saketi itaharibika au itafanya kazi nusu. Saketi yote baada ya daraja, pamoja na kishikizo cha simu kwenye usukani, vitengwe kabisa na chuma cha baiskeli.

Hata baada ya hayo, ningekushauri uchaji pawabenki badala ya simu. Kila unaposimama kumpisha ng’ombe umeme hukatika, na simu nyingi hazipendi kuanza na kuacha namna hiyo. Uwe pia na matarajio ya kweli: nusu ampea kwa volti 5 ni wati 2.5 kabla ya hasara, na betri ya simu ya mAh 4,000 inabeba takribani wati-saa 15. Ukiendesha saa mbili kwa siku, utapata kama robo ya betri hiyo, pengine zaidi kidogo. Si nyingi, lakini kwa mtu anayeishi mbali na nguzo za umeme ni mazungumzo ya kutosha na ni tochi ya usiku. Miguu italipa gharama, kwa kuwa dainamo ya kusugua tairi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu unayoipa. Hakikisha kichwa chake kimekaa sawa na mstari wa tairi ili usiongeze hasara nyingine. Usiku uziachie taa umeme wote, uichomoe saketi.

SWALI: Nimesikia kwamba kuna baiskeli zenye fremu za mianzi. Huku kwetu mianzi imejaa, nasi tunagema ulanzi. Je, naweza kujitengenezea fremu itakayobeba mtu kweli? – *Msomaji, Iringa*

JIBU: Unaweza, nami nimefurahi kupata swali hili kutoka kwenye nchi ya mianzi. Fremu za mianzi zilikuwa zikiuzwa Uingereza tangu miaka ya 1890. Baadaye Craig Calfee, mtengenezaji wa baiskeli wa California, alizifufua, na leo ziko karakana nchini Ghana zinazozitengeneza na kuziuza nje. Wala Afrika haikosi mifano ya vyombo vya mti vinavyofanya kazi nzito: chukudu za Goma, Kongo, yaani skuta za kusukuma zilizochongwa kwa mbao na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu kwenye magurudumu, hubeba mizigo ya mamia ya kilo.

Uteuzi wa mianzi ndio nusu ya kazi. Chipukizi lililokatwa ncha kwa ajili ya ulanzi halitakufaa, kwa sababu haliwi shina refu lililonyooka. Tafuta mashina yaliyoachwa yakakomaa kwa miaka mitatu au zaidi, magumu ukiyagonga, yenye unene wa milimita 35 hadi 40 kwa mabomba makubwa na takribani nusu ya hapo kwa yale ya nyuma. Mwanzi mchanga husinyaa ukikauka. Yakaushe yakiwa wima kivulini kwa miezi kadhaa, kisha yapitishe juu ya moto hadi ngozi igeuke rangi ya kahawia. Kabla ya moto, ikiwa mianzi yako ina uwazi ndani, toboa vifundo vyake kwa nondo ndefu, maana hewa na mvuke vilivyofungiwa katikati ya vifundo viwili vinaweza kuupasua mwanzi kwa kishindo.

Nyuzi za mwanzi huelekea upande wa urefu. Ndiyo maana huhimili sana kuvutwa na kubanwa kwa urefu, lakini hupasuka upesi ukiutoboa au kuubana kwa skrubu. Kila mahali panapokazwa nati, basi, pawe chuma: kata kutoka kwenye fremu iliyotupwa bomba la usukani, kikombe cha kranki, midomo inayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, na bomba fupi la kuingia ndani ya mwanzi pale panapokaa nguzo ya kiti. Breki ya kukanyaga kinyumenyume itakuokoa na matundu mengi. Chora fremu nzuri kwa ukubwa wake halisi juu ya ubao ulionyooka, panga vipande juu ya mchoro na uvifunge visitikisike, ukipima upana wa nyuma kwa habu (kitovu cha gurudumu) utakayoitumia, kwa sababu gundi ikishakauka hakuna kunyoosha.

Viungo hufungwa kwa nyuzi za katani zilizolowekwa kwenye gundi ya epoksi. Kwaruza kwanza ngozi ya mwanzi kwa msasa, kwa kuwa ina nta isiyoshika gundi, na uhakikishe katani ni kavu kabisa. Zungusha tabaka kwa tabaka, ukipishana pande zote za kiungo, kisha ukaze juu yake ukanda wa tyubu kuukuu uliotobolewa matundu madogo ili gundi ya ziada itoke. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu, kwani epoksi mbichi hudhuru ngozi. Gundi ikishakomaa, ondoa mpira, piga msasa, na upake vanishi mwili wote pamoja na ncha zilizokatwa.

Usiipande siku hiyohiyo. Funga magurudumu, weka gunia la mchanga juu ya kiti usiku kucha, na asubuhi umulike viungo kwa tochi: mstari mweupe ndani ya gundi ni ufa. Kisha zuia gurudumu, simama juu ya pedali moja kwa uzito wako wote, ubadilishe upande, ukisikiliza kama kuna mlio. Ikipita, zunguka nayo uwanjani kwa majuma machache kabla ya kuishusha barabarani kwenye magari, na ukague viungo tena kiangazi kinapofika kileleni, maana hapo ndipo mwanzi hukauka zaidi na kuanza kuachana na gundi.