Ufa wa muhuri au mkwaruzo wa kisu? Kagua kabla hujalipa

Sarafu yangu ya kwanza ya Tabora, yaani zile Wajerumani walizozigonga mjini humo enzi za ukoloni wao, niliinunua ghali kwa sababu muuzaji aliniambia ina kosa la kiwandani: mstari uliokatiza taji mpaka ukingoni. Nilipofika nyumbani nikaiweka chini ya lenzi inayokuza mara 10. Kumbe ni mkwaruzo wa kisu. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sinunui sarafu bila kuimulika.

Jiulize swali moja tu: shaba imeinuka au imechimbwa? Muhuri wa kugongea, yaani chuma kinachochapa picha kwenye sarafu, ukipasuka, shaba huingia kwenye ufa na kuacha mstari ulioinuka. Mkwaruzo huacha mfereji. Macho hudanganyika, kwa hiyo laza tochi ya simu upande wa kushoto. Mstari ulioinuka utang'aa kushoto na kutupa kivuli kulia. Mfereji hufanya kinyume.

Heller 20 za mwaka 1916, sarafu za Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndizo zilizonifundisha zaidi. (Hela tunayoitaja kila siku imetokana na neno hilohilo.) Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, Wajerumani wakazigonga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kazi ilikuwa ya haraka: taji limefifia, herufi za D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani) zimekolea upande mmoja tu, ukingo haulingani. Usikubali kulipia kufifia huko kama kosa adimu. Kwa sarafu za Tabora hiyo ni sura ya kawaida, na mimi siongezi hata shilingi.

Ninacholipia ni ganda. Madini yakiyeyushwa yakiwa yamechanganyika na uchafu, tabaka la juu hubanduka kama gome la mti. Tazama ndani ya shimo lililobaki. Ukiona alama za herufi zimeendelea humo, hata kama ni hafifu, ganda lilitoka kabla ya kugongwa. Pakiwa patupu, lilitoka baadaye. Vishimo vidogo vilivyotapakaa kila mahali ni kutu tu.

Senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu nazo zina mtego wake. Tundu lililohama kutoka katikati linaweza kuwa kosa halisi, lakini tundu la pili karibu na ukingo ni la mtu aliyetaka kuivaa shingoni.

Na tafadhali, usiisugue sarafu kwa ndimu na majivu kama sufuria. Nilionyeshwa heller moja yenye ufa mzuri, umetoka kwenye taji ukashuka hadi tarakimu za mwaka. Mwenyewe alikuwa ameing'arisha kwa ajili yangu. Ufa ulikuwa umelika nusu nzima, na ganda dogo lililokuwa limening'inia pembeni lilibaki kwenye kitambaa chake.