Maswali ya Wasomaji: Turbo ya Mlimani na Treki ya Inchi Ngapi?

Mwezi huu tumepokea barua nne kuhusu pikipiki za theluji, kutoka kwa wasomaji wa Nairobi wenye mguu mmoja hapa na mwingine kwenye theluji. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni fundi wa pikipiki, Kariobangi Light Industries. Mwezi wa kumi na moja naenda Revelstoke, British Columbia, Kanada, kufanya kazi kwenye gereji ya pikipiki za theluji, na nataka kununua yangu. Nichukue ya turbo au isiyo na turbo? Treki, yaani mkanda wa mpira unaoisukuma, iwe ya inchi 146, 154, 165 au 175? Nina kilo 92. Pikipiki nimeendesha miaka kumi, theluji sijawahi kuikanyaga. – Fundi, Kariobangi

JIBU: Fundi, weka kando orodha ya bei kwanza, uangalie ramani. Turbo inanunuliwa kwa mwinuko. Hili unalijua tayari: bodaboda yenye kabureta iliyosetiwa Mombasa, ukiileta Nairobi bila kuigusa, inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi, kwa sababu petroli ni ileile lakini hewa imepungua. Kwa mita 1,700 hivi za Nairobi, hewa ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Kwa mita 3,000 inabaki kama asilimia 74. Mashine za leo hupima hewa zenyewe na kupunguza petroli, kwa hiyo hazikohoi, lakini hewa iliyokosekana hairudi. Injini ya cc 850 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 165 kwenye usawa wa bahari, itakupa kama 135 ukiwa mita 2,000, na kama 122 ukiwa mita 3,000. Baridi kali hurudisha kidogo, kwani hewa ya baridi ni nzito.

Turbo inasukuma hewa hiyo ndani kwa nguvu. Ski-Doo, chapa ya pikipiki za theluji, walipotoa injini ya 850 E-TEC Turbo kwa mwaka wa modeli wa 2020, walichoahidi ni farasi 165 zilezile hadi mita 2,400 hivi, hawakuahidi zaidi ya 165. Ile iliyofuata, Turbo R ya 2023, ndiyo iliyopanda hadi 180. Washindani wao Polaris, kwa injini ya Patriot Boost ya 2022, walitangaza nyongeza ya asilimia 10 kwenye usawa wa bahari na asilimia 50 kwenye mita 3,000, ukilinganisha na 850 yao isiyo na turbo. Tazama pengo kati ya 10 na 50: hapo ndipo pesa yako inapoenda. Chini unachokipata ni kidogo, juu kabisa unapata mashine nyingine.

Sasa Revelstoke. Mji wenyewe uko chini, kama mita 480. Waendeshaji hupanda Boulder Mountain au Frisby Ridge hadi zaidi ya mita 2,000. Ni kama kutoka Voi ukafika Limuru kabla ya saa nne asubuhi. Mwinuko huo unauma, lakini si wa Colorado, ambako watu wanachezea mita 3,000 na zaidi. Farasi 135 zinakutosha kujifunza, na kwa kweli zinakuzidi.

Ila theluji ya Revelstoke ni nyingi na ni laini, na hapo ndipo treki inapoingia. Namba 154 au 165 ni inchi za mpira wote ukizungushwa, si urefu unaokaa chini. Tofauti ya 154 na 165 ni sentimita 28 kwenye mzunguko, na nusu yake, sentimita 14, ndiyo inayokaa chini. Zidisha kwa upana wa inchi 16, yaani sentimita 40 na kitu. Unapata eneo pungufu kidogo ya karatasi ya A4. Ukiisikia hivyo unaweza kucheka. Lakini karatasi hiyo iko nyuma kabisa, pale mashine inapokalia matako ikipanda. Ukisimama katikati ya mteremko na kutaka kuondoka tena, treki fupi inachimba kwanza halafu ndiyo inasogea, na wakati mwingine inachimba tu. Ndefu inapanda juu ya theluji na kwenda zake.

Fupi ina haki yake. Ya 146 ni ya wanaoruka na kuchezacheza. Ya 154 inageuka kati ya miti bila kukuvunja mabega, na kwa mtu wa kilo 70 inatosha kila mahali. Ya 175 ni ya wapandaji wa miteremko mirefu iliyo wazi. Kuigeuza msituni ni kama kugeuza lori kwenye kichochoro cha Gikomba. Wewe, ukishavaa kofia, buti, maji na mkoba wa uokoaji mgongoni, unapita kilo 105. Chukua 165.

Na kosa la wengi ni kuoanisha turbo na treki fupi. Nguvu bila urefu inachimba shimo haraka zaidi, basi. Ikiwa mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua treki kabla ya turbo: 850 isiyo na turbo, inchi 165, kwa msimu wako wa kwanza. Turbo ina gharama ambazo haziandikwi kwenye bei: karibu kilo 10 za ziada, joto jingi chini ya boneti, na petroli ya daraja la juu bila mjadala. Ile 91 utakayoiona kwenye pampu za Kanada si duni. Wao huandika wastani wa vipimo viwili, na ni karibu sawa na 95 ya namba tunazotumia huku. Ukiweka ya chini yake, injini inagonga, kompyuta inapunguza nguvu kujiokoa, na umelipia turbo isiyofanya kazi. Hapo una bahati, kwa sababu ikishindwa kujiokoa, pistoni inatoboka.

Meno ya treki: utapewa ya inchi 2.5 au inchi 3, yaani milimita 64 au 76. Kwa theluji ya huko, 3 ni sawa, lakini ujue tabia yake kwenye njia ngumu iliyoshindiliwa. Mashine hizi hazina rejeta kama ya gari. Maji ya injini yanapita kwenye mabati yaliyo juu ya treki na kupozwa na theluji inayorushwa. Theluji hiyohiyo ndiyo inayolainisha zile plastiki ndefu ambazo treki huteleza juu yake. Njia ikiwa barafu, hakuna kinachorushwa. Utasikia kwanza harufu ya plastiki inayoungua, kisha taa ya joto inawaka. Dawa ni vikwaruzo: vyuma viwili vinavyoshushwa kuparua barafu ili vumbi lake liruke juu. Vishushe kabla hujatoka maegeshoni, usisubiri taa. Vipandishe kabla ya kurudi nyuma, isipokuwa viwe vile vya waya vinavyojikunja. Kukiwa bado na joto, toka pembeni uingie theluji laini mita chache, halafu usimame.

Belti ya kuendeshea beba ya akiba, siku zote. Kipimo cha fundi ni hiki: baada ya kupanda kwa nguvu, zima injini, fungua kifuniko, weka kiganja kwenye puli ya pili. Ukiweza kukiacha hapo, seti ya klachi iko sawa. Ukikitoa mbio, belti inateleza na joto linaila; angalia uzito na springi za klachi kama zinafaa mwinuko huo. Mashine isiyo na turbo huwa na seti tofauti kwa kila ngazi ya mwinuko. Ya turbo haina usumbufu mwingi hapo, kwa kuwa nguvu yake haibadiliki sana.

Pesa utakayookoa kwa kuacha turbo ina kazi. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na ndiyo hiyohiyo inayovutia kupanda. Nunua kitambuzi cha mawimbi cha kilohezi 457 cha kumtafutia aliyefukiwa, fimbo ya kupapasia chini ya theluji na koleo, vyote mwilini mwako. Koleo lililofungwa kwenye mashine linazikwa na mashine. Soma kozi ya AST 1, yaani mafunzo ya msingi ya usalama wa maporomoko, kabla hujapanda popote, na kila asubuhi taarifa ya hali ya maporomoko ya Avalanche Canada. Mteremkoni apande mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Mwenzako akikwama juu, usimfuate kumsaidia. Wengi wamezikwa wawili kwa njia hiyo. Aliyefunikwa ana nafasi nzuri dakika kumi za mwanzo, baadaye inashuka vibaya, kwa hiyo waokoaji wako ni wale ulioenda nao.

SWALI: Kaka yangu yuko Alberta na ana mashine ya treki ya 154. Kuna anayemwambia aweke ya 165, eti ni kubadilisha mpira tu. Mimi namsaidia pesa, nijue ukweli. – Msomaji, South B

JIBU: Mpira ndio sehemu rahisi. Treki ndefu inahitaji reli za chini ndefu zaidi au vipande vya kuziongeza, na bati la juu likiwa fupi, theluji inarushwa nyuma na kupoza kunapungua. Kisha kuna nafasi kati ya jino na jino la gurudumu linaloizungusha treki. Zipo za inchi 2.86, 3 na 3.5, na lazima zilingane na treki. Hesabu yake mtaifanya hata kwa simu: 154 gawanya kwa 3.5 ni nafasi 44 kamili. 165 gawanya kwa 3 ni 55. Muuzaji akileta treki ya 3 kwa mashine ya 3.5, haitavaa. Mwulize pia urefu wa meno. Ya inchi 3 yanaweza kugusa mabati ya kupozea kwenye mashine iliyotengenezwa kwa 2.5. Ukijumlisha vyote, mara nyingi kuuza ya 154 na kununua ya 165 ni nafuu.

Akibadilisha hata hivyo, asiondoke bila kunyoosha treki. Mashine iinuliwe nyuma kwenye stendi pana yenye kinga, na mtu yeyote asisimame nyuma yake, kwa sababu jiwe au kipande cha chuma hutoka kama risasi. Azungushe polepole, azime, aache isimame yenyewe. Kisha aangalie nafasi kati ya plastiki ya reli na vibanio vya chuma vya treki, kulia na kushoto. Upande ambao plastiki imekaribia kibanio ndio unaokazwa, robo mzunguko kwa mara moja, halafu ajaribu tena. Wengi hukaza upande wa pili na kushangaa kwa nini inazidi kwenda kombo. Kulegea kwake kumepangwa kwenye kitabu cha mashine, na kupimwe tena baada ya safari ya kwanza, maana treki mpya hutanuka.

SWALI: Je, mtu akileta moja ya turbo, inaweza kupanda Mlima Kenya? – Msomaji, Eastleigh

JIBU: Hapana. Ni hifadhi ya taifa, barafu ya Lewis imebaki kidogo sana, na sehemu kubwa ya njia ya kwenda Lenana ni mawe. Mashine hii juu ya mawe itakula plastiki zake na kuchemka kabla ya chai.

SWALI: Mume wangu yuko Calgary. Ameona tangazo la mashine iliyotumika ya 2019, turbo, treki ya 163, bei nzuri mno. Akague nini? – Msomaji, Donholm

JIBU: Bei nzuri mno ina sababu. Turbo za kiwandani kwenye injini za mipigo miwili (two-stroke) zilianza na modeli za 2020, kwa hiyo ikiwa hiyo ya 2019 ni ya mipigo miwili, turbo imefungwa baadaye. Si dhambi, lakini aulize nani alifunga, programu ya injini ni ya nani, na shinikizo limewekwa kiasi gani. Asipopata majibu hayo matatu, aache.

Akipata, aende na kipima kompresheni na kamera ndogo ya kupita tundu la plagi. Silinda zote zipimwe na zisipishane zaidi ya asilimia 10. Kamera ionyeshe kuta laini; mikwaruzo ya wima ni pistoni iliyowahi kukwama. Turbo anaikagua kama zinavyokaguliwa zile za kutoka Japani pale Kirinyaga Road: afungue bomba la hewa, ashike ncha ya shafti. Kuyumba kidogo kwa upande ni kawaida, kusukumika ndani na nje hapana, na mapanga yasiwe yamegusa nyumba yake. Chini, ahesabu meno yaliyokatika kwenye treki, apapase reli kama zimepinda, na aangalie mabati ya kupozea kwa alama za kugongwa. Vumbi jeusi tele ndani ya kifuniko cha belti ni klachi iliyokuwa ikiteswa.

Aangalie na jina kwenye boneti. Yamaha walishafunga biashara yao ya pikipiki za theluji; kwa Amerika Kaskazini modeli za 2025 ndizo zilikuwa za mwisho. Hilo pekee linaweza kushusha bei bila mashine kuwa na kosa, ila aulize vipuri kabla ya kushangilia.

Na amwombe muuzaji asiiwashe kabla hajafika. Kuwaka ikiwa baridi kabisa ndiko kunakofichua injini iliyochoka. Akikuta bomba la moshi tayari lina joto, asubiri lipoe au arudi siku nyingine.