Jirani anachimba shimo refu: je, nyumba yangu iko salama?

SWALI: Wahariri, jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, anachimba ghorofa ya chini ya ardhi. Shimo limefika mita 6 na pampu inavuta maji usiku kucha. Nyumba yangu ya mawe iko mita 5 kutoka ukingoni, na ufa umetokea kwenye kona ya dirisha. Fundi wake ananiambia mita 5 zinatosha. Ni kweli?
Mama Akinyi

JIBU: Hazitoshi, mama. Shimo hulegeza ardhi ya jirani hadi umbali wa mara 2 ya kina chake, na kwenye udongo laini wa mfinyanzi hata mara 3. Kwa mita 6, hizo ni mita 12 hadi 18. Nyumba yako imo ndani.

Kinachopasua ukuta ni kudidimia upande mmoja. Nyumba ikishuka milimita 20 kote kwa pamoja, huenda usione kitu. Lakini ukuta wa mita 10 ukishuka milimita 20 upande wa shimo, na upande wa pili usisogee, umefika mwinamo wa 1 kwa 500, mpaka ambao wahandisi hawapendi kuuvuka. Kwenye 1 kwa 150, jengo lenyewe limo hatarini.

Pampu ndiyo inayotutia hofu zaidi. Maji yakishuka udongo hubanana, na athari yake huweza kupita hata hizo mita 18. Kinga maji ya mpira wa pampu kwa chupa safi, uyaache yatulie saa moja. Ukikuta mchanga chini, pampu inanyonya udongo, na pango linafanyika chini ya msingi wa mtu. Mhandisi wao asimamishe uchimbaji siku hiyo hiyo, aweke chujio. Pampu isizimwe ovyo, maana maji yakirudi kwa nguvu huinua sakafu ya shimo.

Ufa nao, tia alama ya penseli kila upande, upime kwa rula kila baada ya siku 2 na kuandika tarehe. Chini ya milimita 1 ni kazi ya fundi wa rangi. Kati ya 5 na 15 milango hukwama na mabomba huweza kupasuka. Ukipita 15, watu watoke upande huo mpaka mhandisi aje. Udongo mweusi pia hupasua kuta wakati wa kiangazi, ila ufa huo hujibana mvua zikirudi; wa shimo hupanuka kadiri wanavyochimba.

Leo hii piga picha kila ukuta, rula ikionekana, na mtie sahihi wewe, jirani na mkandarasi. Kisha omba kuona mchoro wa ukuta wa kukinga shimo, uulize kama mihimili ya kuuegemeza hufungwa kabla ya kuchimba hatua inayofuata. Ikifungwa baadaye ukuta umeshapinda, na hakuna mhimili unaorudisha udongo uliokwisha kusogea.