Jibu: Miradi ya kozi ifunguliwe kwenye seva au kwenye kompyuta?

Mkuu, umeuliza kama timu yenu inaweza kufungua na kuhariri miradi ya kozi moja kwa moja kutoka folda ya seva, kwa kuwa watu wa IT hawataki kazi ibaki kwenye kompyuta za watu. Hofu yao ina msingi, maana laptopu huibiwa na diski hufa. Hata hivyo jibu langu ni hapana. Kazi ifanyike kwenye diski ya kompyuta, seva iwe ghala tu.

Waliotengeneza Storyline, programu ya kutengeneza kozi za kidijitali, wenyewe wanasisitiza hivyo: ukifanyia kazi kwenye diski ya mtandao au ya USB, faili inaweza kuharibika, ikagoma kuhifadhiwa au ikapoteza picha na sauti. Shida ni kwamba mtu akikatazwa bila kuelezwa sababu, hafuati. Sababu ni hii.

Baadhi ya programu hizi huhifadhi mradi kama kifurushi cha zipu. Kwa nje unaona faili moja, ndani kuna slaidi, picha, sauti na video, kila kitu na faili yake. Ukihifadhi, vyote hufungashwa upya. Na kwenye zipu, orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni kabisa. WiFi ikikatika sekunde chache kabla ya hapo, data karibu yote imeshafika lakini orodha haipo, na programu haijui pa kuanzia. Mwenzangu aliwahi kuniletea faili kama hiyo: ukubwa karibu sawa na wa jana yake, lakini haifunguki. Tulitoa nakala, tukabadili mwisho wa jina kuwa .zip, tukaipitisha 7-Zip, programu ya kufungua zipu. Sauti na picha nyingi zilitoka. Maswali, tabaka (vitu vinavyowekwa juu ya slaidi) na mpangilio wa slaidi vilijengwa upya, na iliuma.

Kuna suala la kasi pia, na hapa wengi hulaumu intaneti bure. Kozi ukiichapisha hutoa mamia ya faili ndogondogo, na kila moja seva huulizwa na kujibu mara kadhaa: fungua, andika, funga. Chukulia faili 1,000, safari nne kwa kila faili, na kila safari milisekunde 50 kupitia VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Hizo ni sekunde 200 za kusubiri majibu tu, hata kama laini yenu ni pana kiasi gani. Chapisha kwenye diski yako, funga matokeo kuwa zipu moja, ndiyo uipandishe.

Angalieni pia majina ya folda. Programu nyingi za Windows bado hukwama njia ya faili ikizidi herufi 260, na folda za seva zilizopachikwa ndani ya folda nyingine hufika huko upesi. Tengeneza C:\Kozi, basi. Usiamini Desktop wala Documents kabla ya kukagua, kwa sababu maofisini mara nyingi hizo zimeelekezwa kwenye seva au OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) bila mtumiaji kujua. Unadhani uko kwenye diski yako, kumbe faili inasawazishwa huku ukiihariri.

Utaratibu ninaoutumia na timu yangu: unanakili mradi kutoka seva, unaacha faili ya maandishi pale yenye jina lako ili mwingine asiuguse, unafanya kazi, kisha unahifadhi kwa jina lenye tarehe. Jioni unafunga programu kabisa ndipo unarudisha nakala, bila kufuta ya jana. Kwa IT hilo linatosha: kila siku seva ina kazi yote, na chelezo zao (nakala za akiba) zinaikuta. Wakitaka skripti, robocopy (amri ya Windows ya kunakili faili) inafaa, ila msiweke /MIR, chaguo linalofanya seva ifanane kabisa na kompyuta, kwa sababu ukifuta kitu kwenye kompyuta, kitafutwa na kwenye seva pia.

Ukisharudisha, linganisha ukubwa wa faili ya kompyuta na ya seva kwa baiti, kabla hujazima mashine.