Je, namna ya kugawa kazi wodini hubadili ubora wa huduma?

Swali: Ninasimamia wodi ya wagonjwa waliolazwa. Kwa miaka mingi tumegawana kazi: muuguzi mmoja hutoa dawa, mwingine husafisha vidonda, mwingine hupima joto na shinikizo la damu. Kazi huisha kwa wakati, lakini wagonjwa hulalamika kwamba hawamjui muuguzi wao. Tukimkabidhi kila muuguzi wagonjwa wake, je, ubora utapanda, au wataridhika tu?

Jibu: Ndugu msimamizi, malalamiko hayo yasome kwa makini kama unavyosoma chati ya homa, kwa sababu mgonjwa asiyemjua muuguzi wake anakueleza, kwa lugha yake, kwamba hakuna mtu mmoja anayeiona hali yake yote. Katika mfumo wenu, anayepima joto huona homa imeanza, anayesafisha kidonda huona usaha kidogo, na anayetoa dawa husikia kwamba mgonjwa hakula. Kila mmoja huandika lake na kwenda kitanda kinachofuata, na dalili ambazo zikiunganishwa zingeashiria maambukizi hubaki zimetawanyika. Hapo kutoridhika na huduma dhaifu vina chanzo kimoja.

Tatizo hilo ndilo lililomfanya muuguzi Marie Manthey na wenzake, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzisha mwaka 1969 mfumo ambao muuguzi mmoja hupanga huduma ya mgonjwa tangu alazwe hadi aruhusiwe, na wenzake huufuata mpango huo asipokuwa zamu. Wodi yenye wauguzi wachache waliosajiliwa inaweza kuanza na timu ndogo, ambapo muuguzi mzoefu huwajibika kwa kundi la wagonjwa pamoja na wasaidizi wake.

Hata hivyo, mfumo hauongezi mikono. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Ukiandika jina la muuguzi juu ya vitanda vingi kuliko anavyoweza kuvihudumia, mgonjwa atalijua jina, lakini mwenye jina hatamwona.

Wala kuridhika pekee kusiwe kipimo chako, kwani mgonjwa anaweza kusifu upole wa muuguzi aliyempa dozi isiyo sahihi, jambo ambalo yeye hana njia ya kulitambua. Kabla ya kubadili chochote, hesabu kwa miezi kadhaa vidonda vya kulalia, wagonjwa walioanguka, na dawa zilizochelewa au kukosewa. Kisha ujaribu mfumo mpya katika upande mmoja wa wodi na uendelee kuhesabu pande zote mbili. Badala ya kuwauliza wagonjwa kama wameridhika, waulize iwapo walielezwa dawa ni ya nini, na walisubiri muda gani walipoita.

Makabidhiano ya zamu nayo yafanyikie kando ya kitanda, kwa sauti ya chini inayolinda siri, ili mgonjwa amfahamu muuguzi anayeingia na aweze kusahihisha papo hapo kinachosemwa juu yake.