Mkojo wa kila saa: kwa wauguzi wapya wa ICU ya upasuaji wa moyo

Mgonjwa akitoka thieta, macho ya kila mtu hukimbilia moyo. Figo hazina kengele, kwa hiyo kuzichunga ni kazi yako.

Anzia wodini. Wagonjwa wengi wa vali hapa Nairobi ni vijana walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi, na wengine wamesafiri usiku kucha kwa basi bila kunywa maji. Uliza dawa walizonunua kwa kemisti, tena kwa majina: Diclofenac, Brufen. Ukisema "dawa" tu, watakutajia za hospitali pekee, na hizo za maumivu ndizo hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Kama wanatumia dawa za presha kama enalapril au losartan, muulize daktari isimamishwe lini. Andika kwenye chati uzito na kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ya kabla ya upasuaji, la sivyo baadaye hutajua imepanda kutoka wapi.

Sasa ICU. Kiwango cha mkojo ni nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa hiyo mtu wa kilo 60 atoe 30. Akikaa chini ya hapo saa sita mfululizo, kwa mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la magonjwa ya figo, figo zimeumia, hata kreatinini ikiwa bado nzuri. Kreatinini huchelewa, tena maji ya mashine ya moyo na mapafu huizimua. Ikipanda mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, usiipuuze hata kama bado imo ndani ya kiwango cha maabara.

Mkojo ukipungua, shika katheta kwanza: imepinda, imelaliwa, au imezibwa na damu iliyoganda? Ikiwa iko sawa, fanya hesabu. Presha ya wastani ya 65 mmHg inapendeza, lakini CVP (presha ya damu inayorudi moyoni) ikiwa 18, toa hiyo kwenye 65: figo zimebakiwa na 47 tu. Hapa ndipo wageni hukosea: wanaona mkojo kidogo, wanafungulia drip. Damu imeshajaa nyuma ya moyo wa kulia, nawe unaizidisha. CVP ikipanda, presha ikishuka na mrija wa kifua ukaacha ghafla kutoa damu, huenda damu imeuzingira moyo. Mwite daktari wa upasuaji dakika hiyo hiyo.

Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, hujaza mfuko, haikingi figo. Inafaa maji yakizidi mwilini, basi. Ile dozi ndogo ya dopamini (dawa ya kupandisha presha) iliyoitwa "ya figo" nayo iliachwa zamani, ingawa utasikia bado ikitajwa.

Mkojo wa rangi ya kola saa za kwanza mara nyingi ni chembe nyekundu zilizopasuka kwenye pampu ya mashine ya moyo na mapafu. Mjulishe daktari, kwani hemoglobini hiyo huumiza figo. Sukari ya damu isizidi milimoli 10 kwa lita. Gentamicin, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, isiendelee bila mtu kuhoji. Na potasiamu ya damu ikifika milimoli 6 kwa lita, usingoje mkojo: piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo) huku mwenzako akimwita daktari.