Fedha mbichi: kwa mkusanya ushuru mpya wa soko la samaki

Ukipangiwa kukusanya ushuru pale soko la samaki la Bagamoyo, utakabidhiwa mashine ya POS (ya kurekodi malipo na kutoa risiti), karatasi za risiti na maelezo ya dakika chache. Kuhusu maadili utaambiwa usipokee rushwa. Ni kweli, lakini wengi wanaoharibikiwa na kazi hii hawaanzi na rushwa. Wanaanza kwa kuazima.

Inakwenda hivi. Jioni mfukoni mna 86,000 za halmashauri. Nyumbani mtoto anaumwa, unachomoa 20,000, kesho utarudisha. Kesho yake unaziba pengo la jana kwa makusanyo ya leo, na pengo linahamia leo, nawe unachomoa tena. Ikifika wiki ya tatu limekuwa laki tatu, na bado hujioni mwizi, maana kila siku umepeleka kitu benki. Hiyo ndiyo fedha mbichi: fedha ya umma iliyotumika kabla ya kufika benki. Kanuni ya Adhabu, inapoeleza wizi wa fedha, haikuachii kwa sababu tu ulikusudia kurudisha.

Usitegemee moyo wako, tegemea utaratibu. Asubuhi, kabla ya risiti ya kwanza, hesabu hela zako binafsi, ziandike kwenye daftari, uziweke mfuko mwingine. Risiti itoke mlipaji akiwa bado amesimama mbele yako. "Nitakuandikia baadaye" isitoke kinywani mwako. Mnada ukitulia, chapa ripoti ya siku, hesabu fedha mbele ya mwenzako, toa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe siku hiyo hiyo. Benki na mawakala wakiwa wamefunga, lipa kesho yake kabla hujakusanya hata shilingi. Stakabadhi ya benki ibane pamoja na ripoti ya siku ile. Mashine, fedha taslimu na benki vilingane mpaka shilingi ya mwisho.

Mtandao ukikatika, mashine nyingi huendelea kutoa risiti lakini makusanyo hayajafika kwenye mfumo. Andika saa ulipokatika na namba ya risiti ya mwisho, umjulishe msimamizi siku hiyo hiyo. Mashine inayokaa nje ya mtandao siku kadhaa halafu "ikaharibika" ni jambo ambalo wakaguzi wamelizoea, na aliyetia sahihi kuipokea ni wewe.

Sasa lililo gumu. Mkubwa wako anapiga simu: gari halina mafuta, toa 60,000 kwenye makusanyo, zitarudi. Mjibu kwa heshima: "Samahani mkuu, zote nazipeleka benki jioni hii. Naomba dokezo la maandishi lipite kwa mhasibu." Usibishane wala usihubiri. Akisisitiza, mwombe aandike. Mara nyingi ombi linaishia hapo. Lisipoishia, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, na kuipiga ni bure.

Boti ya shemeji yako ikitia nanga, mwachie mwenzako aitoze, na msimamizi ajue kwa maandishi kwamba una ndugu pale.

Na ujue fedha hii inakwenda wapi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ukiondoa yale yaliyolindwa (yenye kazi yake maalumu), ni ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yule mama anayekaanga samaki hatua chache kutoka kwenye meza yako, kikundi chake huenda kinasubiri zamu. Ile 20,000 unayoichomoa ina sehemu yake.

Jambo la mwisho, kosa la kidole. Umeandika 50,000 badala ya 5,000. Usizibe pengo kwa kuwatoza wengine bila risiti. Mzuie mlipaji hapo hapo, aandike maelezo mafupi na kutia sahihi nyuma ya risiti ile, kisha ipeleke kwa msimamizi aombe ifutwe kwenye mfumo. Akishapanda bodaboda na tenga lake, hiyo sahihi utaitafuta mpaka Dar es Salaam.